Mluzi wa Sekunde Tisa

Jalada la kesi lilikuwa liondoke kituo cha polisi saa nane kamili mchana, na saa tatu na robo asubuhi Kobe alikuwa bado amekaa mbele ya kidude asichokielewa.

Ilikuwa kompyuta, ndivyo alivyoambiwa. Lakini kompyuta gani hiyo? Ubao mtupu usiojaza kiganja, hauna kioo, hauna kibodi, umefungwa kwa mpira wa ofisini ndani ya kopo la plastiki. Ubavuni ulikuwa na matundu manne ya USB. Katika mawili zilichomekwa kadi za sauti, vidude vya ukubwa wa kidole gumba, vyeusi vyote viwili, vimefanana kama mapacha wa tumbo moja. Kila kadi ilivuta waya mrefu wa maikrofoni. Kwenye tundu jingine, la duara, ulitoka waya wa kipaza sauti kimoja kikuukuu.

Kwa kidude hicho, mwanamke mmoja alikuwa anaelekea kizimbani kwa kosa la kuua.

"Unakikodolea macho tangu jana, afande," alisema fundi wa mitambo wa kituo. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani juu ya paji la uso, bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala. "Hakiogopi macho hicho."

"Nieleze tena."

"Mara ya ngapi?"

"Mpaka liniingie akilini. Wameniita Kobe bure?"

Fundi akacheka kidogo, akavuta kiti.

Mzee aliyekufa alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alilala chumba cha nyuma, mrija wa oksijeni puani. Mwanawe mkubwa alikuwa kazini nchi nyingine, na aliyemlea mzee ni mkamwana, mke wa huyo mwana, fundi cherehani aliyeshona nguo chumba cha mbele. Mdogo wa mumewe, karani wa ofisi ya maji ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia kwa sababu alitengeneza kila kilichoharibika, ndiye aliyeunda mtambo huu. Maikrofoni moja aliitundika kitandani. Alichosema mzee kilitoka kwenye kipaza sauti juu ya rafu ya cherehani, shemeji yake asikie akiitwa. Maikrofoni ya pili ilikaa kwenye meza ya wateja. Yenyewe haikutoa sauti popote, ilirekodi tu.

"Wateja wa nini kurekodiwa?" Kobe aliuliza.

"Afande hujawahi kushonesha nguo wewe. Mtu anakuambia mkono uishie kwenye kiwiko, akija kuchukua anasema alitaka ufike kwenye kifundo. Mkamwana akachoka na ugomvi. Kila anayepimwa, vipimo vinasemwa kwa sauti, vinakaa humu."

Kwa hiyo mafaili yalikuwa ya aina mbili. Moja liliitwa CHUMBANI, la pili MEZANI.

Siku ya kifo, mkamwana aliandikisha maelezo kwamba alimpa mzee chai saa mbili, akatoka, na hakuingia tena chumbani mpaka saa tano na nusu, alipomkuta mrija umemtoka puani, mashine ya oksijeni bado inanguruma, na yeye keshatangulia. Kesho yake Injinia akaja kituoni na faili la CHUMBANI.

Fundi akalicheza kwa mara nyingine.

Asubuhi yote ilikuwa mngurumo wa mashine ya oksijeni, na kila baada ya sekunde chache pumzi yake, *fsss*. Juu yake kulikuwa na vipasuko vidogovidogo, *tik, tik-tik*, kama chumvi inayorushwa motoni. Saa nne na dakika kumi na tisa sauti ikakatika kwa sekunde arobaini na moja. Iliporudi ukaja mluzi mkali wa kutoboa masikio, sekunde tisa. Kisha mngurumo haupo. Pumzi ya mashine haipo. Kilichokuwepo ni sauti ya mkamwana, karibu kabisa, akiongea na simu:

"Dada, nimechoka. Nimechoka naye jamani. Mungu angemchukua tu, yeye apumzike na mimi nipumzike."

Basi. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Alisema hakuingia, na huyu hapa ndani. Mashine ilizimwa, mzee akamalizika, mashine ikawashwa tena kuzuga watu. Na hivyo vipasuko, alisema mkuu, ni alama za mtu aliyekatakata rekodi kufuta vilio vya mzee.

"Tuanze na vipasuko," Kobe alisema. "Vimekatwa?"

"Nilijua utauliza." Fundi alichomeka mtambo kwenye adapta ya maabara, nzito kama tofali. Akaguna mbele ya maikrofoni, akacheza: sauti safi. Akachomoa, akachomeka chaja ya simu iliyokamatwa pamoja na mtambo. Akaguna tena. *Tik, tik-tik.* "Njaa. Kadi za sauti zinakula umeme kupitia matundu haya. Chaja hii haishibishi. Kadi ikikosa umeme wa kutosha inadondosha punje za sauti. Hakuna aliyekata kitu."

"Na ule mkato mrefu?"

"Mtambo umezimika na kuwaka wenyewe."

"Una uhakika?"

"Ningekuwa na uhakika kama ningekuwa na kumbukumbu zake. Kila mtambo unaandika saa ngapi umezima, umewaka, umeona nini. Huu uliandika kwenye memori ya muda, ile inayofutika umeme ukiondoka." Akamtazama kwa huruma. "Nani aliukamata?"

"Mimi."

"Ukafanya nini?"

Kobe alikumbuka. Aliuchomoa waya wa umeme, akauzungusha vizuri, akaufunga na karatasi ya kielelezo namba nne. Alikuwa mwangalifu mno siku hiyo.

"Basi ulizifuta kwa mkono wako, afande. Usinune, wengi wanafanya hivyo."

Akalicheza faili tena kuanzia pale kwenye simu. Safari hii Kobe aliinua kidole. Nyuma ya maneno ya mkamwana kulikuwa na sauti nyingine: mkwaruzo mrefu wa chuma, unakwenda, unasimama, unakwenda.

"Mkasi," alisema.

"Mkuu anasema alikuwa anakata mrija."

"Mrija haukukatwa, nimeushika mwenyewe. Na mrija unakatwa mara moja, *kacha*, umeisha. Huyu anakata kitu chenye urefu." Akasimama. "Anakata kitambaa. Mtu gani anakwenda kukatia kitambaa juu ya kitanda cha mgonjwa?"

"Mwambie mkuu hayo."

"Atasema alikuwa anakata shuka." Kobe akavaa kofia. "Beba mtambo na vitu vyako. Twende nyumbani kwao."

*

Injinia aliwafungulia mlango akiwa na shati la kazini na tai. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mmekuja kuupima mtambo wangu?" aliuliza. "Upimeni. Miezi minane haujakosea hata siku moja. Mimi sikusomea, dada, lakini nimeusuka mwenyewe, najua kila uzi. Huo mtambo hausemi uongo."

"Nani kasema umesema uongo, kaka?" fundi alimjibu taratibu. "Naomba tu uniwekee kila kitu kilipokuwa."

Akakiweka. Kompyuta ndogo juu ya rafu, kipaza sauti pembeni yake. Maikrofoni moja kwenye meza ya wateja, kati ya kopo la vifungo na kipande cha chaki. Nyingine akaipeleka kwa waya wake mpaka chumba cha nyuma, akaifunga kwenye ubao wa kitanda ambacho godoro lake lilikuwa limeshaondolewa. Chaja ya simu akaichomeka kwenye ekstensheni ya sakafuni, palepale penye cherehani na pasi.

Kobe alizunguka chumba cha kushonea polepole, mikono nyuma. Kwenye meza pana ya mbao palikuwa na gauni la buluu lililokatwa nusu, mkasi mzito umelala juu yake.

"Hili gauni lilikatwa lini?"

"Sijui mambo ya magauni mimi."

"Pasi hii aliitumia kila siku?"

"Fundi cherehani bila pasi, afande?"

Kobe aliinama, akaichomeka pasi kwenye ekstensheni, akaiwasha. Taa nyekundu ya kompyuta ndogo ikapepesa, ikazimika. Sekunde chache ikawaka tena.

"Ehee!" fundi alisema. "Umeuona mkato wako huo. Pasi imevuta, chaja imeishiwa pumzi, mtambo umezirai."

"Sekunde ngapi kuamka?"

Fundi akahesabu kwa saa ya simu. Arobaini na moja. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akasema "moja, mbili, tatu", na kipaza sauti rafuni kikarudia: moja, mbili, tatu. Hakuna kilichoharibika.

"Si nimewaambia?" Injinia alisema. "Unazimika, unawaka, unaendelea na kazi. Ndivyo nilivyoupanga."

Kobe akazima pasi, akasubiri, akaiwasha tena. Mtambo ukazirai, ukaamka. Moja, mbili, tatu. Sawa tena. Kobe akatazama saa: saa tano na dakika hamsini. Simu ikalia. Mkuu.

"Kobe, uko wapi?"

"Kwa marehemu, mkuu. Napima pasi."

"Unapima nini?"

"Pasi."

"Saa nane, Kobe. Sisubiri mtu anayepiga pasi."

Akairudisha simu mfukoni. Hakuwa na jingine la kufanya, kwa hiyo akafanya lilelile. Akazima pasi, akaiwasha, mara ya tatu. Taa ikafa. Taa ikafufuka. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni kwenda chumba cha nyuma kuhesabu aliposimama ghafla, mikono masikioni.

Kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi.

Ulikuwa uleule, mkali, wa kutoboa, unapanda bila kukoma. Injinia aliruka akakipunguza. Mluzi ukafa. Fundi hakushusha mikono. Alikuwa anatazama kipaza sauti, halafu meza ya wateja, halafu kipaza sauti.

"Sema," Kobe alimwambia.

"Afande, unajua mluzi huo unatokana na nini? Maikrofoni ikisikia kipaza chake yenyewe. Sauti inatoka, inaingia, inatoka tena, inazunguka mpaka inalia. Lazima viwe chumba kimoja." Akaonyesha rafu. "Kipaza kiko kimoja tu nyumba hii. Kiko hapa. Chumbani hakuna kipaza cha kupiga mluzi."

"Lakini mluzi umo kwenye faili la CHUMBANI."

"Umo."

Kobe akamgeukia Injinia. Hakupaza sauti.

"Mtambo wako unajuaje ipi ni kadi ya chumbani na ipi ya mezani?"

"Nimeuambia. Chumbani ni kadi namba moja, mezani namba mbili."

"Namba hizo zimeandikwa wapi kwenye kadi?"

"Hazijaandikwa. Mtambo wenyewe unazipa ukiwaka..."

"Unazipa vipi?" Kobe aliuliza, na sasa alikuwa anamuuliza fundi.

"Anayeamka kwanza ndiye namba moja," fundi alisema. "Kadi zingekuwa za aina mbili ungeweza kuuambia uzitambue kwa jina. Hizi ni pacha, jina moja. Angezifunga kwa tundu, kwamba iliyo tundu la juu ni ya chumbani daima. Hakuzifunga. Hata mimi ningeweza kusahau, kaka. Mara nyingi ile ya kwanza inaamka kwanza. Si kila mara."

"Miezi minane!" Injinia alisema. "Miezi minane haikubadilika!"

"Miezi minane ulikuwa unauwasha mara ngapi?"

"Haukuzimika kamwe. Ulikuwa na adapta yake nzuri."

"Adapta iko wapi?"

Injinia alitazama viatu vyake. "Niliichukua wiki mbili nyuma. Nilikuwa na kazi nyingine nayo. Nikaweka chaja ya simu kwa muda tu."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomshtua. Kobe akaona jambo likimwingia usoni kidogokidogo.

"Basi asubuhi ile," Injinia alisema, "kipaza hiki kilikuwa kinasikiliza nini?"

"Meza," fundi alijibu. "Kadi zilibadilishana namba."

"Na chumbani? Chumbani nani alikuwa anasikiliza?"

Fundi alikuwa ameshafungua kompyuta mpakato yake. Nakala za mafaili yote zilikuwemo, lakini faili la MEZANI la siku ile halikuwa limefunguliwa na mtu. Nani ahangaike na vipimo vya suruali? Akavaa vidude vya masikioni, akasogeza mpaka saa nne na dakika ishirini, akabonyeza.

Alisikiliza kama nusu dakika. Akavivua, akaviweka juu ya gauni la buluu.

"Sikiliza mwenyewe, afande."

Kobe akasikiliza. Mngurumo. *Fsss.* Vipasuko. Mngurumo. Halafu sauti ya mzee, nyembamba, haina haraka, ya mtu aliyezoea kuitikiwa:

"Mwanangu. We mwanangu. Mrija umetoka, mwanangu."

Akasogeza mbele dakika tano. "Mwanangu." Akasogeza kumi. "Mwanangu, uko?" Saa nne na dakika hamsini na nane ilibaki mashine peke yake, inampulizia mtu asiyeipokea.

"Mna nini humo?" Injinia aliuliza.

Kobe alikunja waya wa masikioni. "Mashine ya oksijeni. Inafanya kazi. Hakuna aliyeizima."

"Na nini tena?"

Hapo Kobe, aliyewahi kuwahoji majambazi wa kutumia bunduki mpaka wakalia, akamsogezea tu vidude vya masikioni.

"Sitaki kusikia," Injinia alisema, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. "Msiniite kusikiliza. Msiniite kuthibitisha chochote. Nimesema!"

*

"Sauti ya nani?" mkuu aliuliza kwenye simu.

"Ya marehemu."

"Nani kaitambua? Wewe ulimjua marehemu? Fundi wako alimjua? Bila ndugu kuitambua ni sauti ya mzee yeyote, Kobe. Niletee sahihi ya mtu wa familia. Jalada linaondoka saa nane."

"Mwanawe amekataa, mkuu. Mkubwa yuko nje, simu haipatikani."

"Basi unajua amebaki nani."

Saa saba na dakika ishirini na sita mkamwana aliingizwa chumba cha mahojiano na askari wa kike. Alivaa kanga mbili na sweta la kuazima. Alikaa, akaweka mikono mezani, akaona kompyuta mpakato.

"Ile niliyosema kwenye simu mmenisomea mara tatu," alisema. "Nilisema. Nilikuwa nimechoka. Mtu hachoki?"

"Si hiyo, mama." Kobe alikaa mbele yake. "Nikuulize jambo moja. Asubuhi ile kipaza kilipiga mluzi?"

"Kilipiga. Nikakipunguza kidogo. Kidogo tu, afande, sikukizima. Nilikuambia ulipokuwa unaandika, ukasema mambo ya kipaza hayahusiani na kifo."

Kobe aliweka kiganja juu ya fomu. Mwandiko wa maelezo yale ulikuwa wake.

"Hata usingekipunguza," alisema, "usingemsikia. Nataka hilo ulijue kabla ya mengine yote. Waya zilibadilishana zamu. Kipaza kilikuwa kinakurudishia chumba chako mwenyewe. Hakuna ambalo ungefanya."

Mwanamke alimtazama. "Nisingemsikia nani?"

Hapo ndipo Kobe alipoona kwamba amesema kinyumenyume, na kwamba hakuna namna ya kulisema vizuri. Akamweleza. Faili lipo. Linamtoa mahabusu leo hii, sahihi moja tu, lakini lazima ndugu aitambue sauti, na ndugu amebaki yeye.

"Shemeji je?"

"Amekataa."

"Amelijua lakini?"

"Amelijua."

"Masikini," alisema mkamwana. Kisha: "Ni refu?"

"Dakika thelathini na nane. Huhitaji zote. Ukiitambua, unaniambia, unatia sahihi, nazima."

Askari wa kike alimvalisha vidude masikioni, taratibu, kama anayemvika bibi harusi hereni. Kobe akabonyeza. Hakusikia kitu yeye. Aliona tu mistari ya sauti ikipita kwenye kioo, midogo, halafu mmoja mrefu.

Mkamwana alishtuka, akageuza shingo kuelekea mlangoni. Mstari mwingine mrefu ukapita.

"Ndiye," alisema.

Kobe akamsogezea fomu na kalamu. Alitia sahihi bila kuitazama karatasi, herufi zikapanda juu ya mstari. Askari wa kike aliichukua akatoka mbio, viatu vyake vikasikika koridoni mpaka kwenye ngazi. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Imetosha. Imewahi.

Kobe alinyoosha mkono kuzima.

Mkono wa mkamwana ukamshika kifundo, mgumu, mkono wa mtu wa mkasi.

"Bado ananiita," alisema.

"Mama, yameisha. Uko huru. Unaweza kwenda nyumbani."

Hakumsikia. Mstari mrefu ulipita kiooni, na mwanamke akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama anavyoinamisha mtu aliyeacha kazi yake na kusimama mlangoni pa mkubwa wake.

"Abee, baba."

Mistari midogo ikapita. Mngurumo. Kisha mrefu mwingine, mfupi kuliko wa kwanza.

"Abee. Nipo."

Kobe alibaki ameshikwa mkono. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tisa.